Viatu vya kike vya Rwenzori: gambuti, buti za barafu na meno yake, kwa anayerudi mlimani baada ya miaka

Kabla hujatoa hata shilingi moja, zitoe zile buti zako za zamani kabatini, uziweke mezani penye mwanga, kisha ubonyeze kwa ukucha wa kidole gumba ule ukanda ulio kati ya ngozi na raba ya chini. Ukucha ukizama na kuacha shimo lisilojaa, au ukitoka na unga wa kijivu, buti hizo hazina safari tena. Usidanganywe na ngozi inayong'aa wala meno ya soli ambayo bado ni marefu. Raba ya chini hudumu. Kinachooza ni sponji ya poliyurethani iliyo katikati, ile inayopokea uzito wa kisigino. Mvuke wa hewani huila sponji hiyo kidogo kidogo kutoka ndani, na joto huharakisha. Buti iliyovaliwa safari moja ikakaa kabatini Kampala miaka minane yaweza kuwa mbovu kuliko iliyotembea kila mwezi, kwa kuwa kila hatua huikamua sponji unyevu wake.

Tumeanza na hilo kwa sababu ndilo kosa linalowaangusha wanawake wengi wanaorudi Rwenzori, milima ya magharibi mwa Uganda, baada ya miaka kumi ya kazi na malezi. Watoto wamekua, hamu imerudi, na kitu cha kwanza mtu husema ni kwamba buti anazo. Soli huachia siku ya pili, na mara nyingi zote mbili ndani ya saa chache, maana zilitoka kiwandani siku moja na zimezeeka pamoja. Fundi viatu hodari wa Kasese hawezi kukuokoa, kwani gundi haishiki unga. Ukiwa juu, dawa pekee ni waya laini au kamba nyembamba, uizungushe mara tatu mbele ya kisigino na mara tatu penye mpindo wa vidole, ukivuta kabisa. Utepe wa gundi huachia ukilowa, na Rwenzori kila kitu hulowa.

Rwenzori si Kilimanjaro. Kule njia kubwa ni vumbi na kokoto, na jozi moja nzuri yaweza kumtoa mtu langoni hadi kileleni. Huku unavuka kinamasi cha Bigo, cha chini na cha juu, unaruka kutoka kishungi cha nyasi hadi kishungi, unateleza kwenye mizizi yenye kuvu, kisha siku ya kilele unasimama juu ya barafu kwenye mita 5,109 za Margherita. Kazi ni mbili zisizofanana, kwa hiyo viatu ni vya aina mbili, na aina ya tatu ni hiari. Hukumu yetu tuitoe mapema: akili yako na muda wako vipeleke kwenye gambuti, buti za barafu ukodi, na buti za ngozi za kutembelea ziwe za mwisho kununuliwa kama pesa imebaki. Wengi hufanya kinyume chake. Hununua buti za ngozi za bei kubwa, halafu gambuti wanaokota yoyote asubuhi ya kuondoka pale Nyakalengija, kijiji kinapoanzia safari.

Mguu wako kwanza, kwa sababu namba uliyoizoea huenda si yako tena. Mimba hulegeza kano zinazoshika upinde wa wayo. Upinde ukishuka mguu hurefuka na kupanuka, na kwa wanawake wengi haurudi ulivyokuwa. Umri na uzito vinafanya vivyo hivyo polepole. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyovimba mlimani. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote kwenye mguu huo, umevaa soksi nene. Mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine ni cha pili, si gumba. Pima miguu yote miwili kwa milimita, uchukue mkubwa, kisha uongeze milimita 12 hadi 15. Huo ndio urefu wa ndani unaoutafuta.

Namba zenyewe zina mitego. Gambuti nyingi hapa zimeandikwa namba ya Kiingereza, ambapo kutoka 5 hadi 6 ni ongezeko la karibu milimita 8.5. Namba ya Ulaya, yaani 37, 38, 39, hupanda kwa milimita 6.7 hivi. Mguu wa milimita 240 kwa kawaida huangukia 38 ya Ulaya au 5 ya Uingereza. Mitumba ya Marekani, au mivumba kama wasemavyo Kampala, huandikwa namba ya kike ya kwao, na 7 yao ni karibu sawa na 5 ya Kiingereza. Ukinunua soko la Owino kwa kusoma namba peke yake utarudi nyumbani na kiatu cha dada yako. Nenda na kijiti ulichokikata kwa urefu wa wayo wako pamoja na zile milimita 12, ukiingize ndani ya kiatu. Kikiingia bila kujikunja, basi jaribu kuvaa. Muuzaji akikuambia, "Nyabo, hii itapanuka," mjibu kwa upole kwamba ngozi hupanuka upana, haipanuki urefu. Na gambuti haipanuki hata kidogo.

Sasa gambuti yenyewe. Inaonekana kitu kidogo, kiatu cha shamba na cha mgodi, na Kilembe wachimba shaba walizivaa miaka mingi kabla ya watalii. Lakini ndicho kiatu utakachokivaa siku tano au sita kati ya saba, na malengelenge karibu yote ya Rwenzori huzaliwa humo.

Angalia kwanza imetengenezwa kwa nini. Zilizojaa madukani ni za PVC, aina ya plastiki: zinang'aa, na mbele na nyuma zina mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Za mpira asilia hazing'ai, zina harufu ya mpira, na ukitazama vizuri utaona vipande vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine. PVC ni rahisi na haitoboki ovyo, ila baridi huikaza. Asubuhi ya kambi ya Bujuku, karibu mita 3,960 juu, gambuti ya PVC iliyolala nje ya kibanda inakuwa ngumu kama bomba la maji, haikunji penye vidole, na soli yake inateleza zaidi kwenye jiwe. Mpira hubaki laini kwenye baridi na hushika mwamba vizuri zaidi. Kama mfuko unaruhusu, chukua mpira. Kama hauruhusu, PVC itakufikisha, mradi uilaze ndani ya kibanda, mbali na mlango.

Kataa zenye chuma vidoleni. Madukani watakusifia kwamba hizo ndizo imara, na kwa mjenzi ni kweli. Mlimani chuma hicho ni uzito wa bure na baridi ya bure, na kwenye mteremko vidole hugonga ukuta usiokubali. Gambuti zenye alama za usalama husomeka kirahisi: S4 na S5 zina kinga ya vidole, O4 na O5 hazina. Wewe unataka O4, au O5 ambayo soli yake ina meno marefu zaidi lakini ina bamba la kuzuia misumari linaloifanya iwe ngumu kiasi. Nyingi za sokoni hazina alama yoyote. Basi gonga ncha kwa funguo usikilize.

Shida kubwa ya mwanamke kwenye gambuti ni kisigino. Karibu zote zimetengenezwa kwa kalibu ya mguu wa kiume: upana wa mbele na upana wa kisigino vinakwenda pamoja. Mguu wa kike kwa kawaida una kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa vidoleni, na mgongo wa mguu uko chini zaidi. Matokeo yake vidole viko sawa, lakini kila hatua kisigino kinapanda na kushuka ndani, sentimita moja, mara elfu nyingi kwa siku. Ngozi ikishalowa jasho haivumilii hilo hata nusu siku. Kushuka namba si jibu, kwa sababu utakiokoa kisigino wakati wa kupanda na utaviua vidole wakati wa kushuka. Jibu ni kujaza nafasi. Weka soli ya ndani ya sufi iliyoshindiliwa, unene wa milimita 4 au 5, inayoinua mguu hadi mgongo wake uguse paa la gambuti. Bado kisigino kikicheza, ongeza kipande cha sufi hiyohiyo chini ya kisigino peke yake. Nunua soli hizo jozi mbili, kwa sababu zinanyonya jasho kama sponji: moja inavaliwa, nyingine inakaushwa mwilini, ndani ya begi la kulalia.

Na ufunge. Gambuti haina kamba, ndiyo maana tope la Bigo huivua. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita 3, urefu wa mita moja hivi. Upitishe chini ya wayo, pale penye mwanya mbele ya kisigino cha soli, uulete juu ya mgongo wa mguu, uukingamishe, uufunge nyuma juu kidogo ya kisigino. Uwe wa kubana, usiwe wa kukata damu. Vidole vikianza ganzi, legeza. Kitu hiki kinagharimu karibu bure, na tunakiona bora kuliko gambuti yoyote ya kike yenye maua tuliyoishika dukani, ambazo nyingi ni fupi, zina soli ya mitaani, na hujaa tope mara ya kwanza unapokosea kishungi.

Shavu la mguu nalo lisisahaulike. Kwa wanawake wengi linaanza chini zaidi, kwa hiyo mdomo wa gambuti unakuja kuuma palepale penye unene. Vaa soksi na suruali utakayopandia, chuchumaa kabisa, kisha uone kama vidole viwili vinaingia kati ya mdomo na mguu. Visipoingia, mpasuo mmoja wa sentimita 4 nyuma, katikati, hufaa kuliko kukata mdomo wote kuzunguka. Malizia mpasuo kwa tundu la duara, la ukubwa wa punje ya mahindi, ili usiendelee kuchanika. Ukingo usugue kwa msasa. Soksi ipite juu ya mdomo na ikunjwe nje, la sivyo muundi utachubuka mstari mwekundu kuuzunguka.

Kuna majaribio mawili ya kufanya kabla ya kulipa, au angalau kabla ya kuondoka mjini. La kwanza ni ngazi: panda na ushuke ghorofa nne au tano, ukishuka kwa kukanyaga kwa nguvu. Kidole kikigusa mbele hata mara moja, gambuti hiyo ni fupi. Siku ya kutoka kambi ya Kitandara utavuka upito wa Freshfield kwenye mita 4,282 na kushuka hadi kambi ya Guy Yeoman kwenye 3,261, kisha kuna zaidi ya mita 1,600 nyingine za mteremko hadi Nyakalengija. Kucha nyeusi hupatikana hapo, wala hazipatikani kileleni. Zikate fupi siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuondoka, ili pembe zake zipate kulainika. Jaribio la pili ni la gambuti za zamani: ingia chumba cha giza, washa tochi ndani ya gambuti, uikunje penye mpindo wa vidole. Nuru ikipenya, maji yatapenya. Hapa watu hukosea kiraka. Kiraka cha baiskeli na gundi yake hushika mpira asilia vizuri ukiusugua kwanza, lakini kwenye PVC kinabanduka siku hiyohiyo. PVC inataka gundi ya PVC na kipande cha PVC, kilichokatwa kutoka gambuti nyingine iliyokufa, kisha kikandamizwe usiku kucha. Na PVC iliyokaa jua miaka mingi ikawa ngumu na yenye mistari myeupe penye mpindo haitengenezeki, iachie bustani.

Soksi ni nusu ya kiatu. Gambuti haipumui, kwa hiyo hata tope lisipoingia utalowa kwa jasho lako. Pamba ikilowa inakaa imelowa, inajikunja, inachubua. Vaa soksi nyembamba laini ndani na ya sufi nene juu yake, ndefu hadi chini ya goti. Zikisuguana zenyewe kwa zenyewe, ngozi hupona. Badilisha mchana unapokula, hata kama huoni haja, na ile iliyovuliwa itundike mgongoni mwa begi kama hakuna mvua. Seti tatu za kutembelea zinatosha kwa mzunguko wa siku saba. Ya nne ni ya kulalia tu, haigusi gambuti kamwe, hata ukiwa na haraka ya kutoka nje usiku. Tumeona miguu ambayo ngozi ya wayo imekuwa nyeupe, imekunjamana na inauma kama imeungua, kwa sababu tu mwenyewe alilala na soksi za mchana. Mguu unahitaji saa kadhaa za ukavu kila usiku.

Buti za kutembelea tutazipitia upesi. Zinafaa siku ya kwanza kutoka Nyakalengija hadi Nyabitaba, mita 2,651, ambako njia mara nyingi ni kavu, na zinafaa kambini. Viatu vya mbio vyenye meno vinafanya kazi hiyo sawasawa na ni vyepesi kwa mpagazi. Ukinunua za mitumba, kagua sponji kama tulivyoeleza, na utafute tarehe: nyingine zina lebo chini ya ulimi yenye mwezi na mwaka, nyingine zina duara dogo kwenye soli lenye mshale unaoonyesha mwezi na tarakimu mbili za mwaka katikati. Sponji ya poliyurethani iliyopita miaka minane tusingeipeleka mbali na barabara. Buti za sponji ya EVA, ambayo ni nyepesi sana na hurudi upesi ukiibonyeza, haziozi kwa mvuke. Zinabonyea tu na kuwa ngumu, na hilo utalihisi magotini kabla halijakudhuru.

Barafu ni habari nyingine. Anayerudi baada ya miaka mingi aelewe kwanza kwamba barafu aliyoiacha siyo atakayoikuta. Tangu Dyuki wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, na wenzake wafike Margherita mwaka 1906, sehemu kubwa imeyeyuka, na ile iliyobaki inazidi kupungua. Kwa viatu vyako, maana yake ni kwamba unavaa na kuvua meno ya chuma, yale yanayofungwa chini ya buti, zaidi ya mara moja, unashuka mwambani kati ya barafu ya uwanda wa Stanley na ile ya Margherita, na baadhi ya hatua ni mwamba mtupu gizani. Buti ya hapo lazima iwe ngumu, lakini isiwe gogo.

Wapandaji hupanga buti hizi kwa herufi B na meno kwa herufi C. B1 hukunjika kidogo na hukubali meno ya C1 peke yake, yanayofungwa kwa mikanda mbele na nyuma. B2 ni ngumu na ina ukingo nyuma wa kushikia wenzo, kwa hiyo hukubali C1 na C2. B3 haikunji kabisa, ina ukingo mbele na nyuma, hukubali zote hadi C3 yenye waya mbele. Kwa Margherita tunapendelea B2 na C2. C3 kwenye buti isiyo na ukingo wa mbele ni ajali inayosubiri mteremko, nayo hutokea kwenye ghala la vifaa vya kukodi wakati wa haraka: mtu anapewa buti sahihi na meno ya buti nyingine.

Kwa nini kukodi? Buti mpya za kike za daraja hili hugharimu mamia ya dola, utazivaa asubuhi moja, kisha zitakaa kabatini na zile za zamani, zikioza kwa ugonjwa uleule. Kununua kuna maana kama umepanga Kilimanjaro, Mlima Kenya na milima ya nje ndani ya miaka mitano. Kama sivyo, kodi pale Nyakalengija au Kilembe kwa wanaokuongoza. Ila namba ndogo ni chache kuliko za kiume. Wiki nne kabla, watumie urefu wa mguu wako kwa milimita, si namba ya kiatu, uwaombe wakuwekee jozi na waandike jina lako juu yake.

Jozi hiyo ikaguliwe mchana, bondeni, si kwa tochi kambini Elena kwenye mita 4,541. Nyingi za kukodi ni za plastiki zenye soksi nzito ya ndani inayotoka. Itoe soksi hiyo, uingize mguu mtupu kwenye ganda, usukume vidole hadi viguse mbele, kisha upitishe kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Nafasi ya kidole kimoja hadi kimoja na nusu ni sawa; ya vidole viwili ni pana, na kisigino chako chembamba kitaelea. Rudisha soksi ya ndani, funga, simama kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa ngazi. Kisigino kikiinuka zaidi ya nusu sentimita, omba ndogo zaidi, au ujaze kipande cha sufi chini ya ulimi, kwenye mgongo wa mguu, kinachokisukuma kisigino nyuma na kukitia mahali pake. Kuongeza soksi ya tatu si dawa. Kunabana damu, na vidole visivyo na damu ndivyo vinavyoganda.

Ganda la plastiki nalo huzeeka, na hupasuka ghafla, bila kuchakaa kwanza. Zungusha vidole kwenye misumari ya vifungo, kwenye mpindo wa kifundo na kwenye ule ukingo wa nyuma. Mistari myeupe, nyufa nyembamba kama unywele, au plastiki iliyopauka na kulia unapoikunja: rudisha. Usione haya kurudisha jozi tatu. Mwongozaji mwenye uzoefu atakuheshimu kwa hilo, kwa kuwa buti ikipasuka juu, ni yeye atakayekushusha.

Meno ya chuma, kramponi kwa jina lake, hufungwa mwisho lakini hukaguliwa pamoja na buti ileile. Yawe 12, mawili yakitokeza mbele ya buti kwa sentimita 2 hivi. Chuma cha katikati kina matundu ya kurefusha na kufupisha, na mara nyingi utaikuta kwenye namba 43 ya mwanamume wa wiki iliyopita. Fupisha tundu kwa tundu hadi buti ikae kwa kubana hata kabla ya kufunga chochote. Inua buti juu bila mkanda: kramponi ikibaki imeshika, kipimo ni sahihi, ikianguka, bado ni ndefu. Kwa buti za 36 au 37, zipo kramponi ambazo hata tundu la mwisho halitoshi, na hapo hakuna ujanja, tafuta nyingine. Wenzo wa nyuma ufungike kwa kusukumwa na kiganja, kwa sauti ya mlio mmoja. Ukifungika kwa kidole umelegea, na ukihitaji jiwe umekaza mno, utapasua ukingo.

Tafuta pia kibati cha plastiki au mpira chini ya meno. Theluji ya Rwenzori ina maji mengi, na jua likishachomoza hugandamana kati ya meno hadi unasimama juu ya donge, si juu ya chuma. Kibati hicho huliangusha. Kama hakipo, gonga pembeni mwa buti kwa mpini wa shoka la barafu kila hatua kadhaa. Ncha za meno zisiwe butu kama kijiko. Zinolewe kwa tupa la mkono. Mashine ya kunolea huchoma chuma na kukilainisha. Vifungo vyote vifungiwe upande wa nje wa mguu, na mkia wa mkanda uchomekwe ndani, kwa sababu jino la mguu mmoja likinasa mkanda wa mwingine unaanguka kifudifudi. Fanya zoezi la kuvaa na kuvua mara kumi ukiwa na glavu mikononi, uani kwako au kwenye bustani ya nyumba ya wageni Kasese. Utakapoondoka kambini saa nane au tisa usiku, vidole vitakuwa vimekufa ganzi, na mikono inayokijua kifungo ndiyo itakayofanya kazi.

Ukishuka, usifunge begi na vitu vikiwa vimelowa. Gambuti zioshe ndani na nje, zining'inize kichwa chini kivulini, soli za sufi zikauke mbali na moto. Kama buti zako za ngozi zilipita mtihani wa ukucha, ziweke mahali penye hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki, uzivae walau mara moja kwa mwezi hata kwenda sokoni, na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika, chini ya ulimi, mwezi na mwaka zilipotengenezwa.